Mwalimu wa Saa Zisizoguswa

Tangu Mwalimu azikwe, kila ninapokaa na watu wa Unyambwa nasikia sifa zake tu. Alikuwa msafi, alikuwa na msimamo, alikuwa msomi aliyestaafu akabaki hapa Singida wakati wenzake walikimbilia Dar es Salaam. Mimi nanyamaza, kwa sababu marehemu hasemwi. Lakini nilikaa naye mezani Jumamosi nyingi kuliko ndugu zake, na ninachokijua ni kwamba alikuwa mtu mbaya. Hakupiga mtu wala hakuiba kuku wa jirani. Ubaya wake ulikuwa wa aina ile ambayo watu wakiuona wanauita msimamo.

Mimi ni fundi saa. Kibanda changu kiko pembeni ya soko, pale mjini. Alikianzisha mume wangu, na alipofariki watu walitegemea nitauza vyuma vyake nikafungue genge la nyanya. Nikabaki. Kwa miezi kadhaa walikuwa wakisimama kutazama mwanamke aliyebana lenzi jichoni, halafu wakazoea, wakaanza kuniita Mama Fundi.

Mwalimu hakuwa fundi. Alikuwa mkusanyaji. Sebuleni kwake kulikuwa na kabati la mninga lenye droo sita, na ndani ya droo, juu ya kitambaa cha flana ya bluu, zililala saa za mkono zaidi ya thelathini. Zote za zamani, za kutia ufunguo kwa vidole, za enzi ambazo kijana akipata mshahara wa kwanza ananunua baiskeli au saa. Hakuna hata moja iliyokuwa ikitembea. Nyingine zilikuwa nzima kabisa, ungezitia ufunguo zingeamka, lakini hakuruhusu.

"Saa inayotembea inajila yenyewe," alikuwa akisema.

Matokeo yake ni kwamba mtu mwenye saa thelathini hakujua ni saa ngapi. Alikuwa anatoka barazani kuuliza wapita njia. Kwenye misiba alifika watu wameshatawanyika kutoka makaburini, na bado alikuwa na maneno ya kusema kuhusu vijana wasiojali muda.

Imani yake ilikuwa moja: kitu kibaki kama kilivyotoka kiwandani, na kila kilichokipata baadaye kibaki pia. Uso wa saa ukiwa umegeuka rangi ya chai, uache. Mishale ikiwa na kutu, iache. Gamba, ile bodi ya chuma ya nje, likiwa na mikwaruzo, usilipige msasa. "Kovu ni la mwenyewe," alisema, "lakini plasta ni ya daktari." Saa iliyopakwa uso rangi mpya aliiita maiti iliyotiwa poda. Sisi mafundi alituita wachinjaji, tena mbele yetu, huku anacheka, ili ukikasirika uonekane huna utani.

Na yeye mwenyewe alipaka nywele piko kila wiki ya pili, na meno yote ya juu yalikuwa ya kuvaa. Mara moja, kwa kuwa nilikuwa nimechoka na kejeli zake, nilimuuliza kama naye si maiti yenye poda. Jumamosi iliyofuata nilikuta mlango umefungwa, na nikasikia redio ndani. Alinifungulia baada ya wiki tatu, kama vile hakuna kilichotokea.

Ukimwamkia, alikuwa ameshakamata kiganja chako kabla hajamaliza kusema marahaba, anakigeuza kutazama umevaa nini. Nakumbuka harusi moja mjini, baba wa bibi harusi amesimama mlangoni mwa ukumbi anapokea wageni, kavaa saa nzuri aliyoachiwa na kaka yake. Mwalimu akamshika mkono, akainama, akasema kwa sauti ile ya darasani, "Uso huu umechorwa upya. Mishale si yake. Hapa, mheshimiwa, umevaa mkanda tu." Watu wakacheka, maana walidhani ni utani. Yule baba akaivua saa taratibu, akaitia mfukoni, akaendelea kusalimia. Alikuja kibandani kwangu baada ya siku nne kuniuliza kama ni kweli. Ilikuwa kweli. Nikamwambia kaka yako ndiye aliyeivaa hivi, basi ndiyo saa yake. Aliitikia, akashukuru, lakini sijawahi kumwona ameivaa tena.

Hayo nimesema. Sasa niseme na lingine, nisije nikaonekana nachagua. Alinifundisha, na alinifundisha bure. Mume wangu aliniachia vyuma na mikono, Mwalimu akaniongezea macho. Alinifundisha kufungua mfuniko wa nyuma bila kuacha alama. Alinifundisha kutofautisha ukingo wa gamba ambao haujaguswa na ule uliopitiwa msasa. Ule wa kwanza unakata kidogo ukipitisha kidole, kama ukingo wa karatasi mpya. Wa pili umelegea kama sabuni iliyotumika. Kwa miaka miwili nilikwenda kwake kila Jumamosi, na yeye alikuwa ananichemshia chai mwenyewe. Nilimheshimu. Ndiyo maana yaliyofuata niliyaruhusu.

Naomi ni muuguzi wa zahanati kule Ulemo, wilaya ya Iramba. Alikuja kibandani siku ya soko, kashika saa ya baba yake ndani ya leso. Baba yake alikuwa dereva wa lori la pamba enzi za ujana, akanunua ile saa kwa jasho lake. Alipoacha lori akawa mgonga kengele wa kanisa kwa miaka mingi, na kijiji kizima kilikwenda kwa saa yake. Sasa alikuwa kipofu. Hakuweza kuitazama tena, lakini alikuwa akilala nayo sikioni, na sasa imesimama.

"Tangu inyamaze hali chakula vizuri," Naomi aliniambia. "Anauliza kila asubuhi, imeamka? Mama Fundi, mimi sihitaji ipendeze. Nataka isikike tu."

Niliifungua mbele yake. Mhimili wa gurudumu la mizani, kile kichuma chembamba kama unywele kinachobeba pumzi yote ya saa, ulikuwa umevunjika. Kwa desturi aliyoniachia mume wangu, nilikwaruza alama yangu ndogo ndani ya mfuniko wa nyuma, kwa ncha ya sindano, ili fundi atakayefuata ajue nani alipita. Ni alama ambayo huioni bila lenzi. Kisha nikaifunga na kulitazama gamba pembeni. Halikuwahi kuguswa. Kingo zilikuwa kali kama siku ilipotoka dukani.

Mwalimu alikuwa na saa ya aina hiyohiyo droo ya nne, na nyingine ya aina hiyo, mbovu kabisa, imelala tu haina uso. Mhimili mzima ulikuwa ndani ya hiyo mbovu. Nilikwenda na saa ya Naomi kumwomba.

"Siui moja kuponya nyingine," alisema.

"Ile ilishakufa, Mwalimu. Haina hata uso."

"Imekufa na vyake vyote. Wewe unataka izikwe bila moyo."

Nikamweleza kuhusu mzee, na kengele, na sikio. Alinisikiliza huku anaigeuza ile saa ya Naomi kwenye mwanga wa dirisha. Aliigeuza muda mrefu. Alipitisha kidole gumba pembeni, akarudia. Halafu sauti yake ikawa laini, na mimi, mjinga, nikafurahi.

"Niachie. Nina rafiki Nairobi ana akiba ya mihimili mipya, ya kiwandani, haijatumika. Nitamwandikia."

Nikamwachia. Naomi alipiga simu kila wiki, nami kila wiki nilimwambia subiri. Mvua zikaanza, zikaisha. Hatimaye Mwalimu akanipa saa imefungwa kwenye bahasha. "Haukupatikana. Mrudishie. Na usiifungue tena, kila ukifungua unaingiza vumbi." Mwalimu alikuwa amesema, basi sikuifungua. Nikapanda basi kuipeleka mwenyewe, kwa aibu ya kuwasubirisha watu bure.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba nje ya nyumba, kajifunika blanketi ingawa jua lilikuwa kali. Nikamwamkia, akaitikia vizuri sana. Naomi akamwekea saa mkononi, akamwambia haikupona lakini imerudi. Mzee akaifumbata. Akapitisha gumba pembeni, juu, chini, akarudia tena. Kisha akainyoosha kuturudishia.

"Hii siyo yangu."

Naomi akanitazama. "Ni yako, baba."

"Yangu ina makali. Hii imelambwa."

"Baba, ni ileile. Mama Fundi ameileta mwenyewe."

Mzee akageuza uso kunielekea, pale alipodhani nimekaa. "Mama, ni yangu?"

Hapa ndipo napata tabu mpaka leo. Ningeinuka nikaishika. Kidole changu kingejua kwa sekunde moja, nilikuwa nimefundishwa hivyo hasa. Lakini nilikuwa nimeipokea kwa Mwalimu, na mzee alikuwa kipofu, umri umepita miaka themanini, anayesahau kama amekula. Nikasema kwa sauti ile tunayotumia kwa wazee na watoto, "Ni yako, babu. Vidole ndivyo vimechoka."

Alicheka kidogo, si kwa furaha. Akasema jambo kwa Kinyiramba ambalo Naomi hakunitafsiria, akaiweka saa chini kwenye mchanga kando ya mguu wa kiti. Sikumwona tena. Alifariki kabla ya mavuno.

Mwaka ulipita. Mwalimu mikono ikaanza kutetemeka, akawa ananiita nimfungulie hiki na kile. Siku moja akaniita mchana kwa haraka: kuna mgeni kutoka Arusha, mkusanyaji kama yeye, amekuja kupiga picha saa zake ili awaonyeshe wenzake wa chama cha wakusanyaji wa saa. Mwalimu alikuwa amevaa koti. Nilikuwa sijawahi kumwona na furaha ile. Maisha yake yote alikuwa amekusanya vitu ambavyo hapa kwetu hakuna aliyevielewa, na sasa amepata mtu wa kumwelewa.

Mgeni alikuwa kijana mpole mwenye miwani. Walipitia droo moja baada ya nyingine, mpaka wakafika ya nne.

"Hii," Mwalimu alisema, "haijaguswa na mkono wa fundi tangu kiwandani. Tazama kingo."

Mgeni akazitazama, akapiga mluzi. Akaomba kuona ndani.

Mwalimu akasita. Niliona akisita. Lakini kukataa kungekuwa kukiri, na mikono yake isingeweza, kwa hiyo akanisukumia mimi. Akanitazama usoni alipokuwa ananipa, na sikuelewa kwa nini ananitazama vile. Nikaufungua mfuniko, nikabana lenzi jichoni kwa desturi tu, nikaona alama yangu.

Kila kitu kilipita mbele yangu kwa mpangilio: gumba lake dirishani, rafiki wa Nairobi ambaye sasa nilijua hakuwahi kuandikiwa, bahasha, usiifungue tena. Saa yake yeye ilikuwa na mashine nzuri na uso mzuri, lakini gamba lilishapigwa msasa na mwenye nayo wa kwanza. Gamba la dereva wa lori lilikuwa kamili. Basi akayabadilisha. Akachukua gamba la kipofu, pamoja na mfuniko wake, akavisha saa yake, na lile lake lililolambwa akampelekea kipofu, kwa mkono wangu.

Na alama aliiona, hilo sina shaka, alikuwa na lenzi bora kuliko yangu. Angeweza kuifuta kwa msasa dakika moja. Hakuifuta, kwa sababu kuifuta kungekuwa kuligusa gamba. Kumwibia mzee aliweza, kukwaruza chuma hakuweza.

"Vipi, iko safi?" mgeni aliuliza.

"Alama hii ni yangu," nikasema. "Niliichora mwaka jana kibandani kwangu. Gamba hili ni la mzee mmoja wa Ulemo."

Mwalimu akasema, "Huyu mama amechoka, jua ni kali leo."

Nikampa mgeni lenzi. Akatazama alama, nami nikachukua sindano nikaichora nyingine kama ile kwenye kipande cha bati, nikaiweka kando yake. Yule kijana akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaanza kurudisha kamera yake kwenye mkoba.

Mwalimu hakunigombeza mpaka mgeni alipotoka. Na hata hapo hakugomba. Aliongea kama mtu anayeonewa.

"Ungependa iozee kule? Mzee angekufa, watoto wangeipeleka kwa mchinjaji mmoja kama ninyi, angeing'arisha mpaka iwe kijiko. Mimi nimeiokoa."

"Mzee aliniuliza, Mwalimu. Aliniuliza kama ni yake."

"Ukamjibu nini?"

Alijua nilichojibu. Alitaka nikiseme, ili tuwe wawili. Sikukisema. Nikaichukua ile saa pale mezani, nikamwambia naipeleka Ulemo magamba yabadilishwe, ya kwake nitairudisha. Hakuinuka kunizuia. Aliniambia tu niifunge kwenye flana, isikwaruzike njiani.

Naomi alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni mwa zahanati na gauni lake la kazi. Nilidhani atalia. Alikwenda nyumbani akarudi na ile nyingine, akaziweka zote mbili mkononi, akapitisha gumba kama baba yake.

"Kumbe makali ndiyo haya," alisema. Kisha akasema, "Baba alikufa akijua tunamdanganya. Siku ile alisema kwa lugha ya kwetu, macho yameondoka na watu nao wameondoka. Sikukutafsiria kwa sababu nilikuonea haya." Alinitazama. "Mimi ni mtoto wake, nilikosea. Lakini wewe ulijua kazi."

Nikamwomba meza, nikayabadilisha magamba palepale kwenye meza ya chanjo, kila mashine ikarudi nyumbani kwake. Nikamuuliza anataka niifanye nini ya baba yake. Nikamweleza kama nilivyofundishwa: ikiachwa hivi ilivyo, imevunjika lakini kamili, ni kitu adimu. Nikiweka mhimili wa kuchongwa, haitakuwa tena kamili.

"Inahesabu sekunde?" aliuliza.

"Ikitembea, ndiyo."

"Basi itembee."

Fundi mmoja wa Mwanza alinichongea mhimili. Ile ya Mwalimu niliiacha kwa jirani yake, ikiwa imefungwa kwenye flana. Jumamosi zikaisha.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa stendi ya Kiomboi, mchana. Nilikuwa nimetoka kumtazama dada yangu aliyejifungua hospitali pale. Mwalimu alikuwa kwenye benchi peke yake, amekonda, bahasha ya hospitali imelala mapajani. Nywele zilikuwa nyeupe kabisa, ameshaacha kupaka. Basi la Singida lilikuwa moja tu, ikabidi nikae benchi lilelile. Nikamwamkia, akaitikia. Tukatazama watu wakipakia magunia ya alizeti juu ya basi.

"Ile ya Ulemo," alisema baada ya muda, "inatembea?"

"Inatembea."

"Ulipata wapi mhimili?"

"Ulichongwa Mwanza."

Alifumba macho kama mtu aliyechomwa sindano. Nilingoja. Nilikuwa tayari kusikia neno lolote, hata kikohozi kingenitosha kukiita samahani.

"Basi umeiharibu," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu, nimeiharibu. Naomi anahesabia mapigo ya moyo ya wagonjwa."

Akatikisa kichwa polepole, kwa huzuni ya kweli kabisa, na huzuni yote ile ilikuwa ya saa. Kondakta akapiga ubavu wa basi kutuita. Mwalimu akajaribu kuinuka mara mbili, akashindwa. Ngazi za basi zilikuwa ndefu na kila mtu anasukumana, nikamshika kwapani, nikampandisha, nikamtafutia kiti cha dirishani, nikamwekea bahasha yake mapajani. Mtu mzima humwachi aanguke stendi. Kisha nikaenda kukaa nyuma kabisa, na sikumwambia pole.